Stesheni Iliyofunguliwa Mara Tatu: Habari za Belfast

Stesheni nyingi za gari la moshi zina historia fupi. Zilijengwa mwaka fulani, zikatumika, zikachakaa, zikatengenezwa, na habari zao zikaishia hapo. Lakini iko stesheni moja katika mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambayo watu wa mji wameifungua mara tatu: mwaka 1839, mwaka 1995, na mwaka 2024. Na katikati ya kufunguliwa huko imebomolewa, imefungwa, na kuhamishwa kidogo kutoka mahali pake. Mtu akiuliza sababu, hataweza kujibiwa kwa neno moja. Itampasa kusimuliwa ugomvi na upatanisho wa nchi nzima. Ndiyo maana nimeona inafaa tuitazame stesheni hii. Mawe yake yanafundisha mambo ambayo sisi nasi tunayahitaji.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Ireland ni kisiwa kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Belfast uko kaskazini mashariki yake, kwenye mdomo wa mto Lagan. Katika karne ya 19 mji huu ulikua upesi mno kwa sababu ya viwanda vya nguo za kitani na, baadaye, kwa kuunda meli kubwa za chuma. Wakazi wake walikuwa Wakristo, lakini wa makundi mawili yasiyopatana. Waprotestanti wengi walikuwa wazao wa watu waliotoka Scotland na Uingereza katika karne ya 17, nao walipenda kubaki chini ya mfalme wa Uingereza. Wakatoliki wengi walikuwa wazao wa wenyeji wa zamani, nao wengi wao walitamani Ireland ijitawale. Mwaka 1690 wafalme wawili, William na James, walipigana kwenye mto Boyne, naye William akashinda. Mpaka leo, zaidi ya miaka 300 imepita, ushindi ule husherehekewa na kundi moja kila mwaka, na kundi la pili huuona kama kidonda. Msomaji akumbuke jina hilo la Boyne, maana tutalikuta tena.

Basi, tarehe 12 Agosti 1839 kampuni iliyoitwa Ulster Railway ilifungua njia ya reli kutoka Belfast mpaka mji wa Lisburn, mwendo wa maili 8 hivi. Ilikuwa njia ya pili ya abiria katika Ireland yote. Ya kwanza ilikuwa imefunguliwa Dublin mwaka 1834. Watu walistaajabu sana kuona mabehewa yakienda pasipo farasi. Lakini si wote waliofurahi. Walikuwako wahubiri waliokasirika kwa sababu kampuni iliendesha magari hata siku ya Jumapili, wakaona kwamba faida ya fedha imewekwa mbele ya amri ya Mungu. Jambo hili lilibishaniwa kwa maneno makali. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba tangu siku zake za kwanza stesheni ile haikuwa nyumba ya chuma na mawe tu. Ilikuwa mahali pa watu kuulizana ni lipi lililo jema.

Jengo kubwa la stesheni lilimalizika mwaka 1848, katika kiwanja kilichokuwa na kiwanda cha kitani, karibu na daraja la kale lililoitwa Daraja la Maji ya Chumvi. Barabara iliyopita mbele yake ilikuja kuitwa Great Victoria Street, kwa heshima ya malkia Victoria, na stesheni ikachukua jina hilo hilo.

Sasa nataka kueleza kosa moja la wakati ule, maana lina mafunzo. Reli mbili zinapolazwa chini, lazima kuwe na kipimo cha upana kati yake, na magurudumu yote hufuata kipimo hicho. Gari lililoundwa kwa kipimo kimoja haliwezi kwenda katika njia ya kipimo kingine, kama vile ufunguo wa mlango huu usivyofungua mlango ule. Kampuni ya Belfast ilichagua upana wa futi 6 na inchi 2. Njia ya kwanza ya Dublin ilikuwa na futi 4 na inchi 8 na nusu. Kampuni ya tatu, iliyojenga kutoka Dublin kuelekea kaskazini mpaka Drogheda, ilichagua futi 5 na inchi 2. Maana yake, njia mbili zilikuwa zikijengwa ili zikutane, moja kutoka kusini na moja kutoka kaskazini, lakini siku ya kukutana hazingeweza kupokeana magari. Kila abiria angeshuka, na kila mzigo ungepakuliwa na kupakiwa tena.

Ubishi ukawa mkubwa, kila kampuni ikisema kipimo chake ndicho bora. Hata serikali ikamtuma Meja Jenerali Pasley achunguze shauri hilo. Yeye hakuchagua kipimo cha Belfast wala kipimo cha Drogheda. Alichagua futi 5 na inchi 3, na mwaka 1846 sheria ikatungwa kwamba reli za abiria katika Ireland zote zifuate kipimo hicho. Kampuni ya Belfast ikalazimika kung'oa reli zake na kuzilaza upya. Ilikuwa gharama na aibu. Walakini kama wasingalikubali hasara hiyo, mji wao ungalikuwa kisiwa ndani ya kisiwa. Mwaka 1855 daraja kubwa la reli juu ya mto Boyne lilimalizika, na mtu aliyepanda gari Belfast aliweza kufika Dublin juu ya reli za kipimo kimoja. Mto uliotenga wafalme wawili mwaka 1690 ukawa mahali pa kuunganisha miji miwili. Kipimo kile ndicho kinachotumika Ireland hata leo.

Mwaka 1876 kampuni ya Belfast iliungana na nyingine ikawa Great Northern, na stesheni ya Great Victoria Street ikawa lango lake kuu la kaskazini. Lakini kabla ya kwenda mbele, lazima nitaje siku moja ya msiba uliotokea katika njia za kampuni hiyo, ambao mwalimu ye yote wa shule ya Jumapili hawezi kuusoma pasipo kuinamisha kichwa.

Tarehe 12 Juni 1889 shule ya Jumapili ya Wamethodisti wa mji wa Armagh iliandaa safari ya watoto kwenda pwani. Watu karibu 940 walijaa katika mabehewa, watoto pamoja na wazazi na walimu wao. Milango ilifungwa kwa ufunguo ili wasio na tikiti wasiingie. Njia ilikuwa ya kupanda mlima, mzigo ulikuwa mzito, na injini ikashindwa karibu na kilele. Nyuma yao lilikuwa likija gari jingine la kawaida ambalo lingaliweza kuwasukuma, kama wangalingoja. Hawakungoja. Waliamua kuligawanya gari lao, ili injini ivute sehemu ya mbele kwanza. Breki zao zilikuwa za namna ambayo mabehewa yakiachanishwa na injini hazishiki tena. Basi mabehewa ya nyuma yalishikwa na breki ya mkono tu, na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Injini ilipoanza kuondoka, sehemu ya mbele ilirudi nyuma kidogo ikayagusa mabehewa yale. Yakaponda mawe, yakaanza kuteremka, mwendo ukazidi, mpaka yakagongana na gari lililokuwa likipanda. Watu 80 walikufa, miongoni mwao watoto wengi.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kusema miaka mingi kwamba breki bora zipo, zinazojishika zenyewe gari likikatika. Makampuni hayakutaka gharama. Baada ya msiba ule, mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Bunge lilitunga sheria kwamba kila gari la abiria liwe na breki za namna hiyo, na kwamba gari lisiingie katika sehemu ya njia mpaka lile la mbele limekwisha kutoka. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Sheria iliyongojwa miaka mingi ilipatikana kwa muda wa miezi mitatu, lakini bei yake ilikuwa makaburi ya Armagh.

Karne ya 20 ilileta mpaka. Mwaka 1921 kisiwa kiligawanyika: sehemu kubwa ya kusini ikaelekea kujitawala, na Ireland ya Kaskazini, ambayo mji wake mkuu ni Belfast, ikabaki pamoja na Uingereza. Tangu mwaka 1923 maofisa wa forodha walisimamisha magari mpakani na kufungua mizigo ya abiria. Reli ambazo watu walikuwa wameziunganisha kwa taabu zilikatwa na mstari uliochorwa katika karatasi. Kampuni ya Great Northern ikawa na njia zinazovuka mpaka mara nyingi, na hasara yake ikazidi mwaka hata mwaka.

Hata hivyo watu wa reli hawakukata tamaa. Tarehe 11 Agosti 1947 walianzisha gari la mwendo wa haraka kati ya Great Victoria Street na Dublin, wakaliita Enterprise. Lilikwenda pasipo kusimama njiani, kwa sababu mizigo ilikaguliwa katika stesheni za mwanzo na mwisho, si mpakani. Lilikuwa jambo dogo la utaratibu, lakini liliwawezesha watu wa pande mbili kusafiri pamoja katika behewa moja.

Kisha stesheni ikaanza kuzeeka. Magari ya barabarani yaliongezeka, na njia nyingi za reli zikafungwa. Mwaka 1958 kampuni ya Great Northern ikagawanywa kati ya serikali mbili. Sehemu ya kiwanja cha stesheni ikapewa mabasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jengo zuri la mbele likabomolewa, na mahali pake ikajengwa hoteli kubwa iitwayo Europa, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Wakati huo huo ugomvi wa zamani ulikuwa umewaka tena. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 mpaka mwaka 1998, watu zaidi ya 3,500 waliuawa kwa sababu yake. Tarehe 21 Julai 1972 mabomu karibu 20 yalilipuka Belfast katika muda wa saa moja na dakika chache tu. Watu 9 walikufa, na vituo vya mabasi na vya reli vilikuwa miongoni mwa mahali palipopigwa. Hoteli ya Europa, iliyosimama mahali pa stesheni ya kale, ilipigwa kwa mabomu zaidi ya mara 30. Mtu angeweza kusema kwamba mlango ule wa mji uliokuwa wa kuwapokea wageni ulikuwa umegeuka kuwa mlango wa hofu.

Tarehe 26 Aprili 1976 stesheni ya Great Victoria Street ilifungwa. Shauri la wakuu wa reli lilikuwa kwamba njia ya Dublin na njia ya Bangor zikutane katika stesheni moja mpya, iliyoitwa Belfast Central, yaani ya katikati. Kuunganisha njia kulikuwa jambo la busara. Lakini stesheni mpya, licha ya jina lake, haikuwa katikati ya mji, nao wasafiri walilazimika kwenda mbali kuzifikia kazi na maduka. Waswahili husema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Watu walikaa miaka 19 bila stesheni yao ya zamani, ndipo wakuu wakakubali kwamba wahenga waliojenga mwaka 1839 walikuwa wamechagua mahali panapofaa.

Mwezi wa Agosti mwaka 1994 na mwezi wa Oktoba uliofuata, makundi yenye silaha yalitangaza kusimamisha mapigano. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Septemba 1995, stesheni ndogo mpya ya Great Victoria Street ilifunguliwa nyuma ya hoteli, karibu na kiwanja kile cha kale. Haikuwa na fahari ya ile ya kwanza, na gari la Dublin halikurudi humo. Lakini wafanya kazi na wanafunzi waliijaza. Mwaka 1998 mapatano ya amani yalitiwa sahihi, tarehe 10 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, na kwa jina la siku hiyo yanajulikana duniani.

Amani ilipodumu, mji uliweza kufikiri mambo makubwa zaidi. Ikaamuliwa kujenga stesheni moja itakayopokea treni na mabasi chini ya dari moja, kando ya ile ya 1995, kwa gharama ya pauni milioni 340. Tarehe 10 Mei 2024 treni ya mwisho iliondoka Great Victoria Street. Stesheni mpya, iliyoitwa Grand Central, ilipokea mabasi tarehe 8 Septemba 2024, na treni tarehe 13 Oktoba 2024. Ina majukwaa 8 ya treni, mara mbili ya yale ya 1995, na nafasi 26 za mabasi. Siku ile ya Oktoba gari la Enterprise, lililohamishwa mwaka 1976, lilirudi mahali pake pa kale baada ya miaka 48. Mwisho wa mwezi ule ule likaanza kwenda Dublin kila saa.

Kama habari ingeishia hapa ingependeza, lakini mwandishi wa historia hapaswi kuficha nusu ya mambo. Karibu na stesheni palikuwa na daraja la barabara lililojengwa mwaka 1936, juu ya mahali pa lile Daraja la Maji ya Chumvi. Watu wa mtaa wa Sandy Row, ambao ni Waprotestanti, waliliita Daraja la Boyne, maana kwa mapokeo yao mfalme William alipita hapo mwaka 1690 akienda vitani. Wakuu walisema lazima liondolewe ili barabara ishushwe na pawe na uwanja mbele ya stesheni. Wenyeji walipinga, wakasema wananyang'anywa kumbukumbu yao. Daraja likabomolewa. Barabara ilipofungwa kwa ajili ya kazi hiyo, wenye maduka wa mtaa walilalamika kwamba wateja wamepungua.

Kisha likaja shauri la lugha. Mwezi wa Machi 2025 waziri aliyehusika na reli alitangaza kwamba vibao vya stesheni vitaandikwa pia kwa Kiairishi, lugha ya kale ya kisiwa, na si kwa Kiingereza peke yake, kwa gharama ya pauni 150,000. Wapenzi wa lugha hiyo walifurahi. Wengine walikasirika, wakaona ni hila ya kundi moja kulipita jingine, na shauri likapelekwa mahakamani. Ndugu zangu, tazameni jambo hili kwa upole. Anayelilia daraja lake na anayelilia lugha yake wanalia kilio kimoja: kila mmoja ataka, aingiapo katika nyumba ya watu wote, aone alama kwamba na yeye ni mwenyeji humo. Ubaya ni kwamba kila mmoja husikia kilio chake tu.

Sasa tukusanye mafunzo. La kwanza ni lile la upana wa reli. Kila kampuni ilikuwa na sababu nzuri za kipimo chake, na hakuna hata moja iliyoshinda. Walichopata ni kipimo ambacho hakikuwa cha ye yote katika wale waliobishana, na kwa hiyo kikaweza kuwa cha wote. Upatanisho wa kweli huwa hivyo. Hauji kwa mmoja kumeza mwingine; kila mmoja hung'oa kitu alichokwisha kukilaza, akakilaza tena kwa gharama yake.

La pili ni la Armagh. Hekima ilikuwapo kabla ya msiba, lakini ilionekana kuwa ghali. Katika kazi zetu, iwe ni mashua au daraja la kijiji au paa la darasa, tunajua mara nyingi ni kitu gani kinachohitaji kutengenezwa. Tusingoje kufundishwa na vilio.

La tatu ni la mahali. Jengo linaweza kubomolewa na jina likabadilishwa, lakini mahali panapofaa watu hurudiwa. Wajenzi wa mwaka 2024 walikuja na vioo na chuma cha namna mpya, lakini walijenga kando ya pale pale walipojenga wale wa mwaka 1839. Walioharibu kwa mabomu hawakuweza kuufuta mji, kwa maana watu wake waliendelea kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Nami nadhani hapo ndipo penye tumaini. Katika stesheni ya Belfast hakuna mlango wa Waprotestanti na mlango wa Wakatoliki. Mvua ikinyesha, na katika nchi ile hunyesha sana, wote hukaa chini ya dari moja wakingoja gari moja. Huenda hawasemezani. Lakini kuketi pamoja na kungoja pamoja ni mwanzo; na watoto wanaokua wakiliona jambo hilo kila siku watakuwa na shida kuamini kwamba zamani babu zao hawakuweza.